Afuatane Naye au Amfuate

Aliyesema "kadi inatosha" ni mimi. Naanza na hilo mapema, asije mtu akadhani nataka kumtupia mwingine lawama. Nilikuwa nimeegemea gari langu jeusi nje ya nyumba ya mazishi huko Monaghan, Ireland, kikombe cha kahawa mkononi, nikaongea kwa sauti ya mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja ndiye anayewarudisha kwao Walithuania waliokufa ughaibuni. Nawapakia, navuka nao bahari, naendesha siku mbili, nawakabidhi kwa mama zao. Ukifanya kazi moja muda mrefu hivyo unaanza kujiona wewe ndiye sheria. Na ulimi hauna mfupa.

Mwanamke aliyesimama mbele yangu aliitwa Wanpen. Mthai, mfupi, amekumbatia faili la plastiki kifuani. Mumewe, Saulius Kairys, alikuwa ndani ya jeneza nililokwenda kulichukua. Walifanya kazi pamoja kwenye mabanda ya uyoga, na Jumapili moyo wa Saulius ulisimama katikati ya rafu, ana miaka arobaini na mmoja tu. Kule kijijini karibu na Alytus mama yake alikuwa ameshachimbisha kaburi kando ya la baba. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa saba mchana. Siku ile ilikuwa Jumatano.

"Ubalozini wamesema viza ni wiki mbili," Wanpen aliniambia. "Na mimi lazima niende naye, kaka Gintas. Mpaka kaburini."

"Viza ya nini? Hebu nione kadi yako."

Akaitoa. Nikaisoma kwa sauti, kana kwamba yeye hajawahi kuiona: mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya.

"Sasa unahangaika na nini, shemeji? Mke wa Mlithuania anayeishi Ireland, mwenye kadi hii, haombi viza ya Ufaransa wala ya Ujerumani. Umeshapita nayo mara ngapi?"

"Mara tatu. Lakini nilikuwa na Saulius."

"Na safari hii je? Huna Saulius?"

Akanitazama kuona kama ninamtania. Nilikuwa ninatania na pia sikuwa ninatania. Ukweli nilimhurumia, na ukweli zaidi nilichoka kuendesha kilomita elfu mbili na ushee bila mtu wa kuongea naye. Abiria wangu wa nyuma si wasemaji. Nikampa mkono apande.

Tulipofika kwenye daraja la mto Boyne ndipo nilipojua nimepakia nini. Gari langu lina viti viwili mbele, na nyuma yake ukuta mwembamba wa bati. Wanpen aligeuka, akaugonga ule ukuta kwa kiganja, akapaza sauti kwa Kilithuania chake cha kuokoteza:

"Saulius! Saulius! Tunavuka mto Boyne. Njoo!"

Nusura niingie kwenye ukingo wa daraja.

"Mama yangu! Umeniua! Unafanya nini?"

"Namwita." Alikaa vizuri, akafunga mkanda tena. "Mwili unabebwa, lakini roho inakuja kwa miguu. Ikifika kwenye maji inasimama, haijui kama inaruhusiwa kupita. Mtu wake lazima amwite."

"Na asipoitwa?"

"Anabaki ukingoni."

"Milele?"

"Mimi sijui milele, kaka. Najua bibi yangu alimwita babu kwenye kila daraja kutoka hospitali hadi nyumbani, na sauti ilimkauka wiki nzima."

Hapo nikaelewa ile "lazima" yake. Si kwamba alitaka kulia kaburini kama wajane wengine. Alikuwa na kazi ya kufanya njiani, na kazi hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya. Mimi ni mtu wa kanisani Krismasi na Pasaka, mengine namwachia padri, kwa hiyo niliona ni upuuzi. Lakini upuuzi wa mfiwa haujibiwi.

"Basi umwite mara moja, masikio yangu yapone," nikasema.

"Mara moja hasikii. Sikio lake la kushoto liliuawa na mafeni ya banda. Miaka tisa namwita chakula mara mbili. Leo nimwite mara moja kwa sababu gani?"

"Na utaita mito yote? Mpaka Lithuania?"

"Yenye jina."

"Mto gani hauna jina?"

"Huo ni mtaro," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake.

Bandarini Rosslare kijana wa dirishani aliigeuza ile kadi pande zote mbili. Akauliza, "Na huyo raia mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyuma," nikajibu. "Hana haraka."

Aliinama kuangalia karatasi za jeneza, masikio yakamwiva mekundu. "Poleni sana," akasema, akatupatia tiketi. Nilimkonyeza Wanpen kwa majivuno. Si nilikwambia?

Kwenye meli hawaruhusu mtu kubaki chini na magari. Kabla hatujapanda juu alisimama kando ya mlango wa nyuma akamweleza mumewe kwa kirefu: kwamba sasa ni bahari, ni ndefu, asiogope, asishuke. Wenye malori walikuwa wanapita na mifuko yao mabegani, wakitutazama. Mmoja akaniuliza kwa Kipolandi kama yule mama ni mzima. Nikamwambia ashughulike na mambo yake.

Juu, mezani, Wanpen alifungua wali na mayai ya kukaanga, akaumwagia sosi ya samaki yenye harufu ya kufukuza paka. Nilimwambia sili uvundo. Nikala nusu. Halafu akanionyesha faili. Lilikuwa kazi ya Saulius: cheti cha ndoa na tafsiri yake, nakala ya pasi, na mbele kabisa ukurasa mmoja wa sheria ya Ulaya aliouchapa mwenyewe, na sentensi moja ameipigia mstari mwekundu.

"Mara ya kwanza, uwanja wa ndege walikataa," alisema. "Dada wa kaunta anasema viza, viza. Saulius akautoa huu ukurasa akausoma kwa sauti, watu wote foleni wanasikia. Akausoma tena. Mpaka akaja mkubwa wao. Tuliingia wa mwisho kwenye ndege, na yeye akawainamia abiria kama mcheza sarakasi. Nilitaka kufa kwa aibu." Alipangusa ukurasa kwa kiganja ingawa haukuwa na kitu. "Tangu hapo ananiambia, Wanpen, toa karatasi kabla hawajauliza."

"Kesho usitoe karatasi yoyote," nikamwambia. "Pasi na kadi, basi. Ukimpa askari karatasi ya kusoma, atasoma."

"Haya, kaka."

Tulifika pwani ya Normandi Alhamisi mchana. Meli ilipofungua mdomo aligonga bati, akaita mara mbili, tukateremka kwenye foleni ya ukaguzi. Malori kushoto, magari madogo kulia, sisi tukasimamishwa peke yetu kama kawaida ya gari jeusi. Kwenye kibanda alikuwa mwanamke wa makamo, sare ya polisi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Aliichukua pasi yangu, akairudisha. Akaichukua ya Wanpen, akaanza kufunua kurasa.

"Viza sijaiona."

"Ana kadi," nikasema.

Akavaa miwani, akaisoma kadi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitesa baadaye. Alikuwa tayari kutupitisha, nililiona begani kwake, bega lilikuwa limeshaanza kushuka kuufuata mhuri. Akauliza tu, kwa sauti ya kuuliza hali ya hewa:

"Unafuatana na nani, mama?"

Wanpen alinitazama. Nilipaswa kujibu mimi. Nilikuwa natafuta jibu lisilo uongo, na kabla sijalipata, mkono wake ulikuwa umeshafungua faili. Toa karatasi kabla hawajauliza. Ukurasa wa sheria ukapita dirishani, na mstari mwekundu juu yake.

Askari akasoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye wino wa Saulius: "Hahitaji viza mwanafamilia mwenye kadi hii, anapofuatana na raia huyo, au anapomfuata." Akainua macho. "Raia huyo ni nani?"

"Saulius Kairys," alijibu Wanpen. "Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Nyuma," nikasema mimi.

Safari hii hakuna masikio yaliyoiva. Alishuka kibandani, akaomba karatasi za jeneza, akazisoma amesimama juani, kisha akamwambia Wanpen ashuke na mkoba wake. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Meno ya msumeno huu Saulius aliyanoa mwenyewe, na tuliouleta mezani ni sisi.

Walituweka kwenye chumba chenye viti vinne na saa ya ukutani. Askari alikwenda kumpigia mkubwa wake. Kwenye ubao pale nje ilikuwa imeandikwa kwamba meli ya kurudi Ireland inaondoka saa kumi. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na robo. Wanpen alikaa wima, mikono mapajani, hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka.

"Kaka Gintas, yuko peke yake kwenye gari?"

"Gari limefungwa."

"Siulizi gari."

Askari alirudi saa tisa kasoro robo. Alifunga mlango taratibu, na mtu akifunga mlango hivyo jibu unalo.

"Mkubwa anasema haiwezekani. Sheria inamruhusu kufuatana na raia, na raia ni mtu aliye hai. Marehemu hasafiri, anasafirishwa."

"Kuna hata mmoja wenu anayesikia anachokisema?" nikamuuliza.

"Bwana, punguza sauti."

"Na hilo neno la pili? 'Anapomfuata'? Aliyekufa anafuatwa kwa njia moja tu, na njia hiyo haina kibanda cha pasi. Ndiyo mnayotaka aipite?"

"Nimesema punguza sauti." Lakini alikaa kitini, akavua miwani. "Kuna ruhusa maalumu. Anayeisaini hayupo leo, kesho ni sikukuu ya Bikira Maria, ofisi inafunguliwa Jumatatu. Akitaka asubiri hapa hadi Jumatatu. Au arudi na meli ya saa kumi. Nimeuliza mara mbili, bwana. Sikuuliza mara moja."

Jumatatu. Jumamosi saa saba padri angekuwa amesimama kaburini na kijiji kizima nyuma yake, na bikizee wa miaka themanini anayemngoja mwanawe. Nilimtazama Wanpen nikasubiri anipige, anitukane, aniambie nilisema kadi inatosha. Ningefurahi. Hakusema hata neno moja la hivyo. Aliuliza tu kama anaweza kupewa dakika mbili pale kwenye gari.

Askari alitembea naye hadi mlango wa nyuma, mimi nikifuata. Kulikuwa na mstari wa njano chini, na gari langu lilikuwa limeshasogezwa ng'ambo yake. Askari akautazama mstari, akamwachia avuke hatua tatu.

Nikasema kwa haraka, maana nilikuwa nimelifikiria chumbani, "Shemeji, tutumie simu. Nitakupigia kwenye kila mto, nitaiweka sauti kubwa, umwite mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Anayeita lazima naye awe anavuka. Huwezi kumwita mtu apite mahali ambapo wewe hupiti."

Nikafikiri, basi wewe na hawa polisi mmesoma kitabu kimoja. Sikusema.

Aliweka kiganja kwenye mlango. "Saulius! Saulius! Sikiliza. Mimi wamenikatalia, narudi nyumbani. Usinifuate. Mfuate Gintas. Sauti yake ni mbaya, lakini ndiyo hiyo itakayokuita. Umemsikia? Gintas." Kisha akanigeukia. "Sema kitu, aijue."

Mimi? Nilisimama pale, mwanamume mzima wa kilo mia. "Saulius," nikasema. "Ni mimi. Gintas. Tutakwenda wote."

"Mara mbili," akanikumbusha.

Nikasema mara mbili.

Askari aliniuliza kwa sauti ya chini Wanpen alikuwa akimwambia nini. Nikamweleza: mito, majina, ukingo. Nilimweleza kwa hasira, ili imuume. Alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Kabla ya Seine kuna mingine. Kuna Douve, utaukuta mapema sana. Halafu Vire. Halafu Orne, pale Caen. Yote ina majina." Akamshika Wanpen kiwiko, wakaenda kuelekea melini. Wanpen hakugeuka, na mimi nikaona ni kwa makusudi, ili mtu fulani asije akamwona akigeuka akamfuata.

Mto Douve nilinong'ona. Nilikuwa na aibu ya kuongea na bati. Kwenye Vire niliongeza sauti kidogo. Orne nilipaza. Kwenye lile daraja refu la Seine, upepo unapiga gari ubavuni, niligonga ukuta kwa ngumi nikapiga kelele hadi nikajichekesha: "Saulius! Saulius! Huu ni Seine, mkubwa huu, njoo, usitazame chini!" Nilipofika Meuse kule Ubelgiji nilikuwa nimeshazoea. Nililala kidogo karibu na mpaka wa Ujerumani, na asubuhi ya Ijumaa tulivuka Rhine, tukavuka Weser, tukavuka Elbe. Katikati ya mito nilianza kumsimulia habari nyingine, bei ya mafuta, goti langu, mke wangu aliyeniacha kwa sababu ya harufu ya maua ya makaburini kwenye koti. Mtu ukimwita kila baada ya saa moja, huwezi kunyamaza katikati. Ni utovu wa adabu.

Saa tisa alasiri, tunakaribia mpaka wa Poland, simu ikalia. Alikuwa Audra, dada yake Saulius.

"Umefika wapi? Padri anauliza. Waimbaji wanauliza. Mama hajala tangu jana."

"Niko mpakani. Kesho mchana niko kwenu."

"Na huyo mke? Yuko hapo?"

"Wamemkatalia Ufaransa. Amerudishwa."

Nikasikia akipumua kwa pua. "Nilijua. Nilimwambia mama, yule hatakuja. Wanawake wa namna ile wanaolewa na kadi, hawaolewi na mtu."

Nilimjibu. Nilimwambia mambo ambayo dereva wa jeneza hapaswi kumwambia mfiwa. Nilimwambia yule mwanamke alikuwa tayari kukauka koo kutoka Ireland hadi mlangoni kwao, na yeye Audra ametembea umbali gani kwa ajili ya kaka yake, kutoka jikoni hadi sebuleni? Akakata simu. Nikampigia tena nikakuta imezimwa, nikaendelea kumtukana hivyo hivyo, peke yangu, kilomita nyingi.

Nilisimama kujaza mafuta karibu na Świebodzin. Nikanunua soseji, nikakaa kwenye ukingo wa lami, nikaanza kuipanga mito kichwani ili nimpigie Wanpen nimpe ripoti nzuri. Douve, Vire, Orne, Seine. Meuse, Rhine, Weser, Elbe. Na Oder.

Soseji ikanikwama mdomoni.

Oder ndio mpaka wenyewe. Daraja lake nililipita nikiwa na Audra sikioni. Sikuita hata mara moja.

Nitasema ukweli wote. Jambo la kwanza nililofanya ni kujitetea. Nani atajua? Mwili uko hapa, nimeufunga mimi mwenyewe. Yule askari wa Ufaransa amesema marehemu anasafirishwa, na serikali haiwezi kukosea. Kurudi ni kilomita sabini, na kuja tena sabini, na upande wa Ujerumani kuna ukaguzi wa wanaoingia, foleni ya saa nzima au zaidi. Kesho saa saba kijiji kizima kinanisubiri. Nikichelewa, Audra atasema niliyoyastahili. Niliwasha gari, nikatoka kuelekea mashariki, nikafika njia ya kuchepukia, na macho yangu yakaona kitu ambacho hakikuwepo: jamaa mrefu amesimama ng'ambo ya mto, mikono mfukoni, sikio zima limeelekezwa barabarani, anasubiri sauti mbaya aliyoagizwa aifuate. Aliagizwa na mkewe. Na mkewe alikubali kurudi kwa sababu yangu.

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alikuja mapema, angali na faida. Nikachepuka, nikageuza, nikarudi magharibi.

Foleni ilinila saa moja na dakika ishirini. Kijana wa polisi wa Ujerumani alimulika kila kona ya gari ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

"Unatoka wapi na jeneza hili?"

"Ujerumani."

Akasita. "Unakwenda wapi?"

"Poland. Halafu Lithuania."

"Sasa mbona unaingia Ujerumani?"

"Nimesahau mtu."

"Mtu gani?"

Nikamwonyesha nyuma kwa kidole gumba. Alikwenda, akafungua, akalitazama jeneza, akalinganisha karatasi. Akarudi akanitazama usoni muda mrefu, akanusa kama nimekunywa. Nilikuwa natoka jasho. Angetaka kuniweka kando hadi usiku angeweza, na ningekosa mazishi, na ningeeleza nini? Mwenzake alimwita kutoka kwenye lori la nyuma. Akanirudishia karatasi kama mtu anayerudisha chakula kilichochacha.

"Nenda. Nenda tu."

Nilitoka njia ya kwanza, nikazunguka chini ya barabara, nikaingia tena kuelekea mashariki. Nilishusha madirisha yote mawili. Daraja lilipoanza nilipunguza mwendo hadi malori yakanipigia honi, nikatoa kichwa nje.

"Saulius! Saulius! Ni mimi Gintas! Nisamehe, nilikuwa kwenye simu! Huu ni Oder! Njoo, twende, mama yako anangoja!"

Niliita hadi daraja likaisha, na hata baada ya kuisha niliita kidogo. Sijui kilichoingia garini. Najua nilifunga madirisha.

Baada ya hapo simu niliizima. Warta, Vistula, Narew, na Jumamosi asubuhi Nemunas wetu wenyewe, mto ambao niliutaja kwa jina lake la nyumbani nikashindwa kumalizia sentensi. Kijijini niliingia saa saba na dakika ishirini. Padri alikuwa anatazama saa. Audra aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia foleni. Mama yake alikuja moja kwa moja kwenye gari, akagonga mlango wa nyuma kwa kiganja, kama watu wanavyobisha hodi, na nilipoona kile kiganja ilibidi nitazame pembeni.

Simu niliiwasha jioni, wenyeji walipokuwa wanakula nyama na viazi na kuanza kuinua sauti. Nilitoka nje kwenye ngazi. Wanpen alipokea kabla haijalia mara ya pili. Nilisikia karatasi zikikunjuliwa, na baadaye akaniambia alikuwa ameitandaza ramani sakafuni Monaghan tangu Ijumaa.

"Ameshazikwa?"

"Ameshazikwa. Kando ya baba yake. Mama yake amenipa mtungi wa asali nikuletee."

"Ulimwita?"

"Nilimwita."

"Seine?"

"Seine, na mitatu ya kabla yake."

"Rhine?"

"Rhine. Weser. Elbe."

Kidole chake kilikuwa kinatembea kwenye ramani, nilikuwa naweza kukisikia. "Oder?"

Ningeweza kusema ndiyo, nayo ingekuwa kweli. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kadi inatosha, na sikutaka tena kumpa jibu la haraka.

"Oder tulivuka mara mbili," nikasema.

"Mara mbili? Kwa nini?"

Nilisugua uso. Ndani walikuwa wameanza wimbo.

"Mara ya kwanza hakusikia."

Nikadhani nimemharibia kila kitu. Kisha nikasikia akivuta pumzi, na sauti iliyotoka sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio, nadhani vyote vilikuwemo.

"Ulimwita kwa upande wa kushoto," akasema. "Ndivyo alivyo, kaka. Miaka tisa, ndivyo alivyo."